Silaha za Wasasi wa Ndovu kati ya Tana na Lorian

Wasasi wa kwanza wa ndovu kati ya mto Tana na kinamasi cha Lorian walitumia upinde. Waata, waliotawanyika kutoka Tana ya chini hadi Galana, na Waboni, wanaojiita Aweer, katika misitu ambayo leo iko Ijara, Hulugho na Lamu, waliua ndovu, vifaru na nyati kwa mishale ya sumu muda mrefu kabla ya baruti kufika. Historia ya bunduki za kuwindia katika eneo la Garissa inabidi ianzie hapo, kwa sababu kila bunduki iliyoletwa baadaye ilikuta silaha isiyo na gharama kubwa, isiyopiga kelele na inayoua kwa hakika.

Upinde wa Waata ulikuwa miongoni mwa pinde nzito zaidi zinazojulikana duniani. Kuuvuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, na aliyeuweza alikuwa ameanza mazoezi utotoni kwa pinde ndogo zilizoongezwa uzito mwaka hadi mwaka. Mshale ulikuwa na sehemu mbili: uti mrefu wenye manyoya, na kijiti kifupi chenye chembe ya chuma kilichochomekwa mbele yake. Mnyama alipopigwa, uti ulidondoka na chembe ikabaki mwilini pamoja na sumu. Sumu hiyo, iliyoitwa uchungu, ilipakwa kwenye kijiti na kuviringishiwa ngozi nyembamba ili jua lisiikaushe, kwani uchungu uliokauka haukuwa na kazi. Msasi alinyemelea akiukabili upepo hadi akabaki hatua chache tu kutoka kwa ndovu, akalenga ubavuni au tumboni, mahali ambapo mshale ungeingia ndani kabisa bila kugonga mfupa. Ndovu aliyepigwa vizuri hakufika mbali.

Uchungu ulipikwa kutokana na mti wa msungu. Vipande vya mti na mizizi vilichemshwa kwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena mpaka yakawa mazito na meusi kama lami. Ukali wake ulipimwa kwa damu. Mpikaji alijichanja kidogo, akaacha damu itiririke, kisha akagusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mchirizi. Damu iliyogeuka nyeusi upesi, weusi ukipanda kuelekea jerahani, ilionyesha kwamba uchungu umeiva, naye akaifuta mara moja kabla haujafika mwilini. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga kiini cha sumu ya aina hii na kukiita wabaini, kwa jina lililotokana na Kisomali, na baadaye madaktari wa Ulaya wakaitumia kuwatibu wagonjwa wa moyo. Ujuzi ambao baadaye ungewaingiza Waata na Waboni gerezani ulikuwa unaokoa maisha hospitalini ng'ambo.

Gharama ya silaha hii ilikuwa ndogo. Mti, manyoya, upote na uchungu vilitoka msituni, na kilichonunuliwa kilikuwa chuma cha chembe peke yake. Faida ya pembe nayo haikubaki kwa msasi. Waata waliishi chini ya ulinzi wa wafugaji Waorma na Waborana, na Waboni chini ya Wasomali, na desturi iliyoenea ilikuwa mwindaji kumpa mlinzi wake pembe moja ya kila ndovu. Wafugaji wenyewe waliwinda kwa nadra. Heshima yao ilikuwa katika ngamia na ng'ombe, usasi ukahesabiwa kazi ya watu wa daraja la chini, na nyama ya ndovu haikuliwa na Waislamu wengi. Pembe zilishuka hadi Lamu kwa njia ya Tana, au zikaenda Kismayu na Barawa pamoja na misafara ya mji wa Luuq. Biashara hiyo ilipingwa pia: miaka ya 1830 jamii ya kidini ya Bardera, kwenye mto Juba, ilipiga marufuku uuzaji wa pembe kwa hoja kwamba ndovu ni najisi. Mwaka 1843 majeshi ya usultani wa Geledi yaliibomoa Bardera, na misafara ikaendelea.

Bunduki za kwanza kuingia bara kutoka pwani zilikuwa magobore, yaliyoshindiliwa baruti na risasi ya mviringo kupitia mdomo wa mtutu. Yalikuwa rahisi kwa sababu majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiyaacha na wafanyabiashara wakayanunua kwa wingi. Kwa ndovu hayakufaa sana. Risasi ya madini laini ya risasi ilibonyea kwenye mfupa wa fuvu kabla ya kufika kwenye ubongo, unyevu uliharibu baruti, na moshi wa mlio wa kwanza ulimficha mnyama wakati ule ule ambapo msasi alihitaji kumwona. Kushindilia risasi ya pili kulichukua muda ambao ndovu aliyejeruhiwa hakuutoa. Waata na Waboni hawakuacha pinde zao kwa ajili ya gobore, na uamuzi huo ulikuwa wa watu waliojua kupima silaha.

Mwishoni mwa karne ya 19 zikaja bunduki zinazopakiwa kwa nyuma. Gras za Kifaransa zilipitia Djibouti na Ethiopia, na Martini-Henry za Kiingereza zikaenea kutoka kwa askari na wafanyabiashara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulijaribu kuzuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini pwani ndefu ya Somalia haikulindika. Wasomali Waogaden waliokuwa wakisogea kuelekea Tana walizitumia kulinda malisho na visima, na baadaye kupigana na serikali ya Waingereza. Ndovu hakuwa sababu ya kuzinunua.

Wageni waliokuja kuwinda walifika katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1888 Mwingereza H. C. V. Hunter alimpata kando ya Tana mnyama wa jamii ya kongoni ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika. Wenyeji walimjua siku zote kwa jina la hirola, ila vitabu vya Ulaya vikampa jina la mpiga bunduki. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler alianza safari pwani ya Lamu, akapanda Tana na kufika Lorian pamoja na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria. Agosti 1893 kifaru alimjeruhi von Höhnel vibaya kiasi kwamba ilibidi abebwe kurudishwa pwani. Arthur Donaldson Smith, daktari kutoka Marekani, alitoka Berbera mwaka 1894, akafika ziwa Rudolf, linaloitwa Turkana leo, na kumalizia safari yake Lamu mwaka 1895.

Kwa habari za bunduki zenyewe, aliyeacha mafunzo mengi zaidi ni Arthur Neumann, Mwingereza aliyewinda ndovu kaskazini mwa Mlima Kenya hadi ziwa Rudolf kati ya 1893 na 1896. Neumann alibeba bunduki nzito ya mitutu miwili ya kaliba ya .577, iliyopiga kwa nguvu na kumchosha aliyeibeba, pamoja na Lee-Metford ya .303, bunduki ya jeshi yenye risasi ndogo inayopenya kwa kina. Alizidi kuipenda ile ndogo kwa sababu risasi yake ilifika mahali ilipoelekezwa. Kisha siku moja karibu na ziwa, ndovu jike alimjia mbio, Neumann akasukuma bolti na kuvuta kifyatulio, na chumba kilikuwa kitupu: risasi haikupanda kutoka kwenye magazini. Ndovu alimchoma na kumponda, naye akalala wiki nyingi kambini kabla ya kuweza kusafiri. Kitabu alichochapisha mwaka 1898 kilisomwa na karibu kila mwindaji aliyefuata. Nguvu ya kupenya ilikuwa imekwisha kuthibitishwa kwa risasi ndogo, na swali lililobaki lilikuwa bunduki gani italisha risasi ya pili bila kukosa.

Majibu yalitokea mapema sana. Baruti isiyotoa moshi ilikuwa imewezesha risasi yenye ganda gumu la chuma kuruka kwa kasi kubwa zaidi, na mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa risasi ya .450 iliyochanganya uzito wa zamani na kasi mpya. Mwaka huo huo kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, Ujerumani, kilikamilisha bunduki ya bolti ambayo kucha yake ndefu hukamata kitako cha risasi pale inapotoka kwenye magazini na kukishikilia mpaka ganda litupwe nje. Kutoka hapo wawindaji waligawanyika katika kambi mbili zilizobishana kwa miaka sabini.

Bunduki ya mitutu miwili ilikuwa, kwa kweli, bunduki mbili kwenye kitako kimoja, kila moja na mtambo wake. Upande mmoja ukikataa, wa pili upo, na risasi mbili hutoka bila kusogeza bolti. Katika msitu mnene wa kingo za Tana, ambako ndovu anaweza kuonekana akiwa umbali wa hatua kumi, sifa hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Lakini mitutu ilipaswa kuunganishwa kwa mkono na fundi ili yote miwili ipige mahali pamoja, na kazi hiyo iliifanya bunduki kuwa ghali mno kwa mlowezi wa kawaida, msimamizi wa shamba au ofisa mdogo wa serikali. Bunduki ya Mauser ilitoka kiwandani kwa wingi. Mafundi wa London waliinunua ikiwa ghafi, wakaifungia mtutu wao, na kuiuza kwa sehemu ndogo ya bei ya ile ya mitutu miwili.

W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya ndovu 1,000, wengi wao kwa Mauser ya milimita 7, risasi ambayo wengi waliona inamfaa swala. Bell alichunguza fuvu la ndovu mpaka akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande, na alikuwa mlengaji hodari kupita kiasi. Mfano wake uliwadanganya wengine waliokuwa na bunduki ndogo bila ujuzi wake, na ndovu wengi waliojeruhiwa wakaenda kufa mbali. Serikali za Afrika Mashariki ziliweka viwango vya chini vya kaliba kwa wanyama hatari, na .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, ikaja kuwa kipimo cha chini kinachotambuliwa katika nchi nyingi za bara hili.

Mazingira ya kaskazini yaliamua mengi kuliko hoja za wabishani. Joto la Garissa hupita mara nyingi nyuzi 35, na joto huongeza shinikizo la baruti ndani ya chumba. Risasi iliyojazwa kwa shinikizo kubwa ililifanya ganda livimbe na kunasa, bolti ikakataa kufunguka. Ndiyo sababu .416 ya Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda pana lenye nafasi kubwa, ili baruti iwake kwa utulivu hata kwenye jua kali. Vumbi jekundu la njia ya Wajir liliingia kila mahali, na mafuta mengi kwenye mtambo yaligeuka tope. Umbali kati ya visima ulimfanya mwindaji achague bunduki ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba siku nzima. Zaidi ya yote, bunduki ilikuwa na maana pale tu risasi zake zilipopatikana, na Garissa hapakuwa na duka la risasi: kilichokosekana kiliagizwa Nairobi au Mombasa. Kaliba za kawaida zilizidi kaliba za fahari kwa sababu hiyo. Bunduki za .404 ya Jeffery zilinunuliwa na idara za wanyamapori katika makoloni kadhaa kwa matumizi ya kazi, kwa sababu ziliua vizuri na hazikuifilisi serikali.

Bei ya bunduki ilikuwa nusu tu ya gharama. Kanuni za uwindaji za mwaka 1909 ziliweka leseni ya mwindaji mgeni kuwa rupia 750, sawa na pauni 50, na ndovu alilipiwa leseni ya ziada. Kaskazini kulikuwa na kizuizi cha pili. Chini ya sheria ya wilaya za mbali ya mwaka 1902, eneo lililokuja kuitwa NFD (Northern Frontier District, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini) lilifungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kumiliki bunduki ya kisasa, hakuwa na rupia 750, na upinde wake haukukubaliwa kuwa silaha halali ya kuwindia. Mboni aliyeua ndovu msituni kwao kama baba yake alivyoua aliitwa jangili, na bwana aliyetoka ng'ambo akamwua ndovu wa msitu huo huo kwa risasi ya London aliitwa mwanaspoti. Mstari kati yao ulichorwa kwa pesa na rangi ya ngozi. Dhuluma hii iko katikati ya historia yote ya uwindaji wa kaskazini, na maelezo ya bunduki yanayoiruka hayajakamilika.

George Adamson alijiunga na Idara ya Wanyamapori mwaka 1938 na kupewa NFD nzima akiwa na makao Isiolo. Askari wake wa wanyamapori walibeba Lee-Enfield ya .303, kama walivyobeba dubas, askari wa kikabila wenye vilemba vyekundu waliolinda visima na njia. Bunduki hii haikutengenezwa kwa ajili ya ndovu. Ilidumu kwa sababu ilivumilia mchanga, risasi zake zilikuwa kila kituo cha polisi, na askari yeyote aliweza kuifungua na kuisafisha. Februari 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Cunningham yalivuka kutoka Garissa na Bura kwenda Kismayu, na jeshi la Italia liliposambaratika liliacha nyuma bunduki nyingi. Carcano za milimita 6.5 ziliingia mikononi mwa wafugaji kwa bei ya mifugo michache, na serikali haikuweza kuzikusanya zote.

Baada ya vita, safari za uwindaji zilirudi kwa wingi. Chama cha Wawindaji wa Kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1934, kilisimamia maadili ya kazi hiyo, na nchi iligawanywa katika vitalu vilivyokodishwa kupitia idara. Vitalu vya Tana vilitafutwa kwa sababu ya ndovu wenye pembe nzito. Mwindaji wa kulipwa alikuwa na wajibu wa kumlinda mteja na kumfuata mnyama aliyejeruhiwa, kwa hiyo bunduki yake ilikuwa chombo cha kazi na ilihesabiwa kwa shilingi. Harry Selby, mmoja wa wawindaji hao, alipoteza bunduki yake ya mitutu miwili mwaka 1949 ilipokanyagwa na gari. Hakuweza kupata nyingine ya aina hiyo kwa haraka, akachukua .416 ya bolti iliyopatikana Nairobi, akaitumia kwa miongo mingi iliyofuata. Mwandishi Mmarekani Robert Ruark, aliyewinda naye, aliifanya bunduki hiyo ijulikane, na watu wengi waliiona bolti kwa jicho jipya.

Mabadiliko makubwa zaidi ya bei yalikuja mwaka 1956. Winchester ya Marekani ilitoa .458, risasi iliyolenga kufanana kwa nguvu na zile za mitutu miwili, ndani ya bunduki ya kiwandani ambayo mwalimu au mkulima wa Marekani aliweza kuinunua. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinaacha kutengeneza risasi za zamani moja baada ya nyingine, na wawindaji wengi walihamia .458 kwa kukosa chaguo. Ilikuwa na kasoro. Ganda lake lilikuwa fupi, baruti ikashindiliwa kwa nguvu, na risasi zilizokaa muda mrefu kwenye joto ziliganda ndani na kupoteza kasi. Wenye uzoefu walinunua risasi mpya kila msimu na kuzijaribu kwenye shabaha kabla ya kwenda porini. Kutoka Chekoslovakia zilikuja pia bunduki za Brno, nzito na zisizo na urembo, zenye kucha ya Mauser, ambazo ziliuzwa kwa bei ya chini na kupendwa na waliolipa kwa mfuko wao.

Wakati huo huo, serikali iliwaandama wasasi wa upinde. Kampeni ya 1956 na 1957 iliyoongozwa na wasimamizi wa hifadhi David Sheldrick na Bill Woodley kuzunguka Tsavo iliwakamata Waata wengi na kuvunja uwindaji wao. Baadhi ya walioiendesha walitambua kwamba wamewaondolea watu riziki pekee waliyoijua, na mwaka 1960 mpango wa Galana, chini ya Ian Parker, ulijaribu kuwapa Waata uvunaji halali wa ndovu. Hata hapo kazi ya kuua ilifanywa kwa bunduki. Upinde haukurudishiwa uhalali wake.

Vita vya shifta, yaani waasi wa kaskazini, kati ya 1963 na 1967, viligeuza silaha za kaskazini kuwa jambo la usalama wa taifa. Amri za hali ya hatari ziliendelea mpaka 1991, na mfugaji aliyekutwa na bunduki hakuulizwa kama ni ya fisi au ya vita. Bei ya pembe duniani ilipanda miaka ya 1970. Kenya ilikataza uwindaji wa ndovu mwaka 1973, ikakataza uwindaji wote Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya bidhaa za wanyamapori. Chama cha wawindaji kilivunjika mwaka huo wa 1977, na bunduki za kaliba kubwa zikauzwa nje au zikabaki kwenye makabati ya wenye vibali. Ndani ya mipaka ya Garissa, hifadhi ya Arawale ilikuwa imetengwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, na ile ya Boni mwaka 1976, msituni mwa Waaweer.

Marufuku haikuwasaidia ndovu mara moja. Baada ya vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, bunduki za kijeshi zinazopiga mfululizo zilipatikana kwa urahisi kuvuka mpaka. AK-47 haikuhitaji ujuzi wa Bell wala subira ya Mwata: magenge yalinyunyizia kundi zima risasi, majike na ndama pamoja. Idadi ya ndovu wa Kenya, iliyokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, ilikuwa imeshuka chini ya 20,000 kufikia 1989. Mwezi wa Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe Nairobi. Mwezi uliofuata, George Adamson aliuawa kwa risasi Kora, kando ya Tana. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilianza kazi mwaka 1990 likiwa na askari wenye silaha zinazolingana na za majangili.

Bunduki ya kuwindia haina tena matumizi halali ya uwindaji katika kaunti ya Garissa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, ilipopitishwa, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Sheria hiyo haitofautishi mtutu na upinde, na Waaweer wa Ijara na Hulugho, ambao uchungu wao ulitangulia kila bunduki iliyotajwa hapa, wanaishi chini yake kama mtu mwingine yeyote.